Hesabu kwa Wote: Namba 46,189 na Wazazi Wake

Mwanafunzi akiandikiwa ubaoni namba kubwa, mara nyingi moyo wamdunda. Asiogope. Apandaye kilima cha Nyangezi haruki mpaka kileleni. Huenda hatua kwa hatua. Na tuipande hivyo 46,189.

Namba hii tumeitoa katika mfupa wa Ishango, mahali ambapo mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward, kaskazini mwa Kivu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi; leo wahifadhiwa Brussels. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Zote nne ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kama mchongaji alilijua jambo hilo, mfupa hausemi. Sisi tumezizidisha tu: 11 mara 13 ni 143, 17 mara 19 ni 323, na 143 mara 323 ni 46,189.

Je, asiyejua asili yake atawatambuaje wazazi hao? Namba yaishia na 9, basi haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 28, basi 3 haimo. Ukigawa kwa 7, yabaki 3. Sasa jaribu 11: jumlisha tarakimu moja na kuruka moja. 4, 1 na 9 ni 14. 6 na 8 ni 14 pia. Zikilingana, 11 imo! Gawa: 4,199. Gawa kwa 13: 323. Gawa kwa 17: 19. Umefika. Na yeyote atakayeshika njia nyingine atawakuta wazazi hao hao wanne, wala si wengine.

Faida yake nini? Tuseme familia 12 zina miche ya kahawa 46,189, na mgawaji asema amegawa sawasawa, hakubaki hata mmoja. Mtoto ajuaye hesabu atamjibu mara moja: haiwezekani, kwa maana namba hiyo haigawanyiki hata kwa 2. Kila familia yapata 3,849, na mche 1 wabaki. Zingekuwa familia 13, kila moja ingepata 3,553 kamili. Ajuaye hesabu hapunjwi.

Tena, kuzidisha ni rahisi, kutafuta wazazi ni kazi. Kwa namba zenye tarakimu zaidi ya 600, hata mashine zishindwa. Ndiyo maana namba za namna hiyo hulinda siri nyingi zinazopita katika intaneti.

Zoezi la wanafunzi: tafuteni wazazi wa 30,030. Je, familia 12 zaweza kugawana miche 30,030 bila baki? Msijibu kwa haraka; yagawanyika kwa 2, na kwa 3 pia, lakini hayo hayatoshi.