Vidole vitano

Mimi mzima hapa Mikumi, kijiwe ni kile kile cha chipsi pembeni ya lami. Wenzetu wa Dar mpira mnauona uwanjani, sisi tunauona dirishani: timu ikienda Mbeya kwa barabara lazima ikatize hapa.

Leo niwape ya msimu wa 2023/24, maana mpaka kesho unaniuma. Mimi damu yangu Yanga, sifichi. Oktoba 2023 Ihefu walitutia adabu 2-1 kule Mbarali, nikala chipsi bila kusikia chumvi. Novemba 5 tukamkandika Mnyama 5-1! Wiki nzima muuza kuku wetu, Simba wa kutupwa, nilikuwa namsalimia kwa vidole vitano. Aprili tukamrudia, 2-1. Mei 13, 2024, tukaenda Manungu kuipiga Mtibwa 3-1, ubingwa wa 30 huo Jangwani! Aziz Ki akamaliza na mabao 21. Azam na Simba pointi sawa, mabao yakaamua, Mnyama akawa wa tatu. Raha tupu.

Basi nikiwa bado natamba, akateremka kwenye basi la Kilosa kaka yangu mmoja, mkata miwa wa Turiani. Nikamwonyesha vidole vitano. Hakucheka.

"Mdogo wangu, wewe mtu wa mkoa gani?"

"Moro, kaka."

"Timu ya Moro imeshuka daraja. Umelia?"

Nikaishiwa pozi. Kweli bwana! Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, timu ya mashamba ya miwa iliyowatoa jasho vigogo wa Kariakoo, imeshuka pamoja na Geita Gold, na mimi nahesabu vidole. Tena siku ile ya Manungu niliruka mpaka nikamwaga soda ya watu. Kumbe nilikuwa nashangilia msiba wa nyumbani!

Mwaka 2025 Mtibwa walipanda tena, tena wakiwa mabingwa wa daraja lao. Nikamnunulia kaka soda mbili, akanywa zote bila kunishukuru. Haki yake.

Yanga siihami, msinitungie uongo. Lakini wakikutana na Mtibwa, mimi kimya, nakula chipsi zangu. Na wewe msomaji, timu ya kwenu inaitwaje? Usije ukaijua siku inashuka.

Tukutane wiki ijayo, kijiweni.