Vipimo Safi Si Mwisho wa Uchunguzi

Katika zahanati na hospitali za Mwanza kuna kauli inayotolewa kila siku kwa nia njema kabisa: "Vipimo vyako viko safi, huna ugonjwa." Kwa mtu aliyekuja na homa, hiyo ni habari ya kufurahisha. Kwa mtu ambaye moyo humwenda mbio akiwa ameketi, ambaye huamka usiku wa manane akitweta na kudhani mauti yamemfikia, kauli hiyohiyo humrudisha nyumbani na maradhi yaleyale, pamoja na fedheha mpya ya kuonekana anadeka. Baada ya wiki mbili atakuwa kwenye benchi la kituo kingine, akisubiri vipimo vilevile. Desturi ya kufunga faili pale maabara inapokaa kimya inastahili kuachwa, kwa kuwa kitabibu haina usahihi. Mgonjwa huyo ana ugonjwa, ugonjwa wenyewe una jina, na unatibika.

Ugumu huanzia kwenye lugha. Kiswahili ni tajiri wa maneno ya hali hii: woga, hofu, wasiwasi, wahka, fadhaa, kihoro. Hata hivyo ni nadra mgonjwa kuyatamka mbele ya tabibu. Yeye husema moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, tumbo linasokota, vidole vinakufa ganzi, au kwa kifupi, "nina presha". Akiulizwa sana atasema ana mawazo. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni husikia moyo na tumbo, huagiza kipimo cha malaria na cha taifodi, kisha humalizia kwa dawa za vidonda vya tumbo. Hakuna aliyedanganya hapo. Mwili umeeleza kwa ukweli kile unachokihisi, ila swali la pili halikuulizwa.

Dalili hizo si za kubuni. Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi ili misuli ipate damu, tumbo husitisha shughuli zake, jasho hutoka, pumzi huwa za harakaharaka. Pumzi hizo zikizidi mahitaji ya mwili, hewa ukaa katika damu hupungua, na ndiyo sababu midomo na vidole hupata ganzi na kichwa huzunguka. Kwa mvuvi anayeona wimbi likijia ubavu wa mtumbwi, mpango huu ni wokovu. Kwa mtu aliyelala kitandani Nyakato saa nane za usiku, ni king'ora kinacholia pasipo moto. Shambulio la hofu la namna hiyo hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hupoa lenyewe. Haliui, ingawa aliyepatwa angeapa kwamba lilikuwa linamuua. Wengine hawana mashambulio bali wasiwasi usiokatika kwa miezi kadhaa, juu ya ada, biashara na afya ya watoto, wenye uchovu, misuli iliyokaza na usingizi wa mang'amung'amu. Wengine huogopa kitu kimoja mahususi, au macho ya watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya kundi hili, na kwamba takribani mmoja tu kati ya wanne hupata tiba yoyote.

Kando ya Ziwa Victoria suala hili lina ugumu wake, kwa sababu hofu ya hapa mara nyingi ina sababu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari ya Mwanza, mamia ya abiria wakafa, na makaburi ya wengi wao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikaua zaidi ya watu 200. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 wakapoteza maisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa hata wasioumwa walizika walioumwa. Ni nani basi wa kumwambia mtu wa Ukerewe kwamba kuogopa maji ni maradhi?

Jibu ni kwamba ugonjwa haupimwi kwa kuuliza kama hatari ipo. Hupimwa kwa kuangalia hofu imechukua nini katika maisha ya mtu. Chukua mfano wa mama mchuuzi anayenunua dagaa visiwani na kuwauza katika soko la Mwaloni, Kirumba. Akikagua idadi ya majaketi ya kujiokolea na kukataa kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, huyo ni mzima. Laiti abiria wote wangekuwa hivyo. Lakini akianza kukosa usingizi siku tatu kabla ya safari, akaacha kupanda meli ya Nansio, akazunguka kwa basi hadi Bunda na Kisorya ili avuke sehemu fupi tu kwenda Rugezi, kisha hata hapo akashindwa, akamwachia shemeji biashara, hofu imekwisha kuwa bwana wa nyumba. Kila anapokwepa hupata nafuu ya siku moja, na kila nafuu humfundisha ubongo kwamba ukwepaji ndio uliomwokoa. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyojilisha, na ndiyo sababu ushauri wa jirani wa "usiende tu, pumzika" humzidishia mzigo.

Hii haina maana kwamba kila moyo unaodunda upelekwe kwa daktari wa akili. Tezi ya shingoni iliyozidisha kazi, upungufu wa damu, ugonjwa wa valvu za moyo, pombe iliyoachwa ghafla, hata vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda hunywa usiku, vyote huweza kuiga wasiwasi. Uchunguzi wa mwili ufanyike kikamilifu, mara moja, kisha tabibu awe na ujasiri wa kusimama. Kipimo cha tano humwambia mgonjwa kwamba hata daktari ana hofu.

Tatizo lingine liko dukani. Daizepamu hutuliza ndani ya saa moja, na kwa sababu hiyo hupendwa. Ikitumiwa kwa wiki nyingi mwili huizoea, na kuiacha ghafla huleta wasiwasi mkali kuliko wa mwanzo. Dawa zinazofaa kwa muda mrefu, kama fluoksetini, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na mgonjwa asipoelezwa hilo huzitupa siku ya kumi. Tiba ya mazungumzo hudai subira zaidi. Mama yule wa dagaa hutembea na mshauri hadi mwaloni, siku nyingine hukaa ndani ya mtumbwi uliofungwa, siku nyingine huvuka kwa kivuko cha Kamanga, akibaki katika kila hatua mpaka hofu ishuke bila yeye kukimbia.

Nani wa kumfundisha, ikiwa madaktari wa akili wa kanda nzima ni wachache? Harare ilijibu swali hilo mapema. Kuanzia 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza juu ya kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba dalili zilipungua zaidi kwa waliopata mazungumzo hayo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kufungisisa na "nina mawazo" ni ndugu wa tumbo moja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo tayari. Katika mialo wapo pia viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambao hujua kabla ya hospitali yoyote ni nani ameacha kuingia ziwani. Mapadri, wachungaji na masheikh humpokea mgonjwa huyu mapema, na wakielimishwa watajua wakati wa kumwombea na wakati wa kumsindikiza.

Lakini yote hayo huanzia kwenye kile chumba chenye foleni mlangoni. Baada ya majibu ya maabara, tabibu anaweza kusema: "Moyo wako ni mzima, lakini unateseka kweli. Hali hii inaitwa ugonjwa wa wasiwasi, na tutautibu. Nieleze, umeacha kufanya nini tangu ulipoanza?" Hapo mgonjwa asikatizwe. Na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye daftari lake kabla hajasimama.