Acheni Kuwasingizia Waluguru

Kila kinapofanyika kikao kuhusu uchache wa wanawake wanaofundisha vyuo vikuu, mshitakiwa ni yuleyule: mila potofu. Mtoa mada anamtaja kabla chai ya saa nne haijaletwa, wajumbe wanatikisa vichwa, mwandishi wa kumbukumbu ananukuu. Jioni watu wanasaini posho wakiwa wamekubaliana kwamba kosa liko kijijini. Chuo chenyewe hakiulizwi kitu.

Kwa Morogoro hoja hiyo ni aibu zaidi kuliko kwingine. Simama kwenye lango la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) uinue macho: ile ni Uluguru. Huko juu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo imekuwa ikirithiwa kupitia kwa mama tangu Mjerumani hajafika. Sisemi kwamba wanawake walitawala. Mjomba alikuwa na sauti kubwa, Chifu Kingalu wa Kinole ni mwanamume, na mwali aliyewekwa ndani miezi kadhaa alikosa shule. Hilo sina la kulitetea. Lakini kama ni mila inayoamua nani awe mhadhiri, vyuo vilivyokaa chini ya mlima huu vingekuwa na sura yake. Havina. SUA na Chuo Kikuu cha Mzumbe vinafanana na wenzao nchi nzima: wanawake wachache, na kadiri cheo kinavyopanda ndivyo wanavyozidi kupungua.

Utaniambia wahadhiri wa SUA hawatoki Uluguru, wametoka kila mkoa. Ndivyo hasa! Wametoka kwa Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa na Wazaramo, watu wenye mila zinazotofautiana, na bado hesabu inatoka ileile. Walichoshiriki wote hao ni chuo.

Halafu angalia shule za msingi. Nchini kwetu karibu nusu ya walimu wake ni wanawake. Mila hiyo inayodaiwa kumkataza mwanamke kusimama mbele ya watu na kuwafundisha, mbona haikumzuia kufundisha darasa la nne? Inaamka usingizini tu anapofika kwenye uprofesa? Mwaka 2018, kwa takwimu za UNESCO, wanawake walikuwa asilimia 43 ya walimu wa elimu ya juu duniani. Kwa nchi zilizo kusini mwa Sahara walikuwa takriban robo. Hakuna mila moja inayotawala kutoka Dakar hadi Durban.

Ushahidi mzito zaidi tunao wenyewe, ila hatupendi kuukumbuka. Novemba 1974 chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma. Kijana aliyemaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Alitakiwa kwanza afanye kazi angalau miaka miwili, kisha aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya kazini kwake na ya chama. Nia ilikuwa kuzuia wasomi wasijione miungu watu. Matokeo yake, idadi ya wasichana waliojiunga ilianguka. Mwaka 1976 serikali ikawaondolea wasichana sharti lile, nao wakaanza kurudi. Wakati huo SUA ilikuwa bado kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1969, kwa hiyo jambo hili halikupita mbali na hapa.

Mtetezi wa nadharia ya mila atasema miaka ile miwili iliwapa wazazi nafasi ya kuoza binti zao. Sawa, tukubali. Ila ndoa zilikuwapo mwaka 1973, na mwaka 1977 zilikuwapo pia. Kilichobadilika ni sharti lililoandikwa na wanaume mezani, likawatoa wasichana; wakalifuta, wakawarudisha. Wazee wa ukoo hawakuitwa kwenye kikao chochote kati ya hivyo viwili.

Basi tuyasome masharti ya leo kwa jicho hilo. Mlango wa ualimu wa chuo ni GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza, na wasichana wanaipata. Tatizo linaanza baada ya kuajiriwa. Uzamili, kisha uzamivu, mara nyingi Norwei, Uholanzi au Ubelgiji, na yote hayo yanaangukia ile miaka ambayo mwanamke, kama anataka watoto, ndiyo anawazaa. Ufadhili unamhesabu mtu mmoja na tiketi moja. Akirudi anapandishwa cheo kwa machapisho. Sheria inampa likizo ya uzazi ya siku 84, lakini anayehesabu makala zake haitambui likizo hiyo. Mwenzake wa kiume aliyeajiriwa naye siku moja, akapata watoto idadi ileile, tayari ni mhadhiri mwandamizi. Kisha tunaambiwa bibi wa mwanamke huyo, kule Matombo, Uluguru, ndiye aliyemchelewesha.

Na ngazi hizo za vyeo tumezirithi kwa Waingereza. Cambridge, kilichoanza mwaka 1209, kiliwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948. Huo ndio mwaka aliozaliwa mwandishi wa tamthilia Penina Muhando, huku kwetu Berega, Ukaguru, kwenye jamii nyingine inayofuata ukoo wa mama. Kwa mila ndefu kiasi hicho, wa kushangaa ni Waingereza, si Waluguru! Wakoloni walituachia chuo kikuu pamoja na dhana yake ya msomi asiyebeba mimba, sisi tukabadilisha majina ya majengo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofungua darasa lake la kwanza la sheria mwaka 1961, mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, baadaye Waziri wa Sheria.

Muhando, tunayemfahamu kama Profesa Mlama, alifika hadi kusimamia taaluma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndiye wanayemtaja wanapotaka kuninyamazisha: mbona yeye aliweza? Swali zuri, lakini walielekeze kwingine. Kama binti wa Berega wa miaka ile aliweza, maana yake Berega haikumzuia. Wengine walioajiriwa baada yake wamekwamia wapi?

Jibu limo kwenye majalada ya ofisi za utumishi. Mabaraza ya vyuo vya Morogoro yalitoe kila mwaka, ngazi kwa ngazi: wanawake wangapi waliajiriwa, wangapi walipelekwa masomoni, walirudi baada ya miaka mingapi, walisubiri uhadhiri mwandamizi kwa muda gani, na wanaume je. Yaseme pia ni chuo kipi kina chumba cha mtoto mchanga, na ni kamati ipi ya vyeo inayosimamisha hesabu ya miaka mwalimu anapojifungua. Hadi siku hiyo, mtoa mada wa kikao kijacho aiondoe ile slaidi ya mila.