Dexa inatuliza magoti, lakini inakula mifupa

Katika mji wa Bukavu, maumivu ya magoti na kiuno yamekuwa mazoea kwa akina mama wanaobeba mizigo sokoni. Wengi hawafiki kwa munganga. Wanapita kwenye farmasi ndogo ya kando ya barabara, wanasema mahali panapouma, na wanatoka na vidonge vya dexamethasone, vile watu wanaita dexa. Vidonge hivyohivyo wanavinunua wasichana wanaotaka kunenepa. Kuviuza bila karatasi ya munganga ni biashara inayopaswa kukomeshwa.

Dexa ni dawa ya kweli, na hopitalini ina kazi yake. Inashusha uvimbe, maumivu yanapungua upesi, na mama anarudi kazini akifikiri amepona. Goti lakini halijapona. Akiimeza miezi na miezi, mwili unashindwa kuchukua vizuri kalsiamu ya chakula na kujenga mfupa mpya. Hata kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa. Basi anateleza kidogo tu kwenye matope, anavunjika. (Aliyekwisha kuimeza muda mrefu asiiache ghafula, hiyo nayo ni hatari. Amuone munganga ampunguzie polepole.)

Kinachojenga mfupa kiko sokoni palepale. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko katika mifupa na meno, na chakula kisipoleta nyingine, mwili unakopa humo. Sambaza wa ziwa Kivu, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaliwa wazima, na vifupa vyao ndivyo vyenye kalsiamu. Ndagala wakavu ni vilevile. Ajabu ni kwamba nyumba nyingi zikipata pesa kidogo zinawaacha sambaza na kununua samaki mkubwa wa barafu, zinakula nyama na kutupa mifupa. Lengalenga ni mboga nzuri, ila sehemu kubwa ya kalsiamu yake haiingii mwilini. Isiachiwe kazi hiyo peke yake. Bugali wa muhogo bila kitoweo unashibisha tu.

Sahani ya kwanza ya sambaza ingekuwa ya watoto na vijana, kwa sababu mfupa unajengwa hadi karibu miaka 30. Baadaye ni kulinda akiba, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi akiba hiyo inapungua mbio.

Shauri la kutembea na kufanya michezo linawafaa wanaokaa ofisini au dukani kutwa nzima, wanaopanda pikipiki hata kwa kushuka Kadutu. Hao wakiongezeka kilo moja, goti linabeba karibu nne kwa kila hatua. Mama mbebaji hana haja ya kuambiwa atembee. Yeye anahitaji mzigo mwepesi na siku ya kupumzika. Mfuko wa kilo 50 ungeweza kugawanywa mara mbili, lakini analipwa kwa safari, na mwenye mali anataka kulipa safari moja. Kwa hiyo maneno ya afya yanayoelekezwa kwa mama huyo peke yake yamekosea mlango. Yapelekwe pia kwa wafanyabiashara wanaompakia mfuko mgongoni. Wao wanaweza kulipa safari mbili, hata kuanzia kesho asubuhi.