Mohamed Amin: Kamera huru na gharama yake

Vita vilipozuka katika jimbo la Tigray nchini Ethiopia Novemba 2020, simu na intaneti zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Wanahabari wa kigeni walizuiwa kuingia huku wale wa nchini humo wakikabiliwa na vitisho na kukamatwa. Kwa miezi mingi ulimwengu ukawa unasikia habari za njaa bila kuiona. Kufikia Juni 2021, tathmini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa na washirika wao ilionyesha kwamba watu zaidi ya 350,000 walikuwa katika kiwang'o cha mwisho cha njaa. Picha zilizotoka zilikuwa chache, na hasira ya ulimwengu ilikuwa chache vilevile.

Kusini mwa jimbo hilo uko mji mdogo wa Korem, ambao zamani ulihesabiwa kuwa sehemu ya mkoa wa Wollo. Hapo ndipo Mkenya Mohamed Amin alipoweka kamera yake begani Oktoba 1984 na kunasa picha zilizowatoa machozi watazamaji wa mabara yote. Tofauti ya nyakati hizo mbili inazua swali ambalo wasimulizi wengi wa maisha ya marehemu huyo hulipita haraka: ni nini hasa kilichomwezesha mtu mmoja kutoka Nairobi kufika mahali ambapo serikali haikutaka paonekane?

Jibu halimo katika ujasiri peke yake. Mengistu Haile Mariam alikuwa ametoka kusherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake Septemba mwaka huo, na utawala wake haukuwa na haja ya wageni wenye kamera huko kaskazini. Mwandishi wa BBC, Michael Buerk, alikuwa na makao yake Johannesburg. Amin ndiye aliyekuwa na watu wa kuwapigia simu Addis Ababa, waliomfahamu kwa miaka mingi, na aliyejua ni ofisi ipi ya kubishia hodi na ni lini. Ripoti yao ilipopeperushwa na BBC mnamo Oktoba 23, 1984, kisha NBC ya Marekani ikaionyesha siku iyo hiyo, vituo zaidi ya 400 duniani viliichukua. Wimbo wa Band Aid ulifuata kabla ya Krismasi, na tamasha la Live Aid likafanyika Julai 13, 1985.

Watu hao wa kupigiwa simu hawakupatikana kwa siku moja. Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka wa 1943, mwana wa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Punjab, na akakulia Dar es Salaam. Alianza na kamera ya mkono wa pili akiwa mvulana wa shule. Mwaka wa 1963, kabla ya kutimiza umri wa miaka 21, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Camerapix, jijini Dar es Salaam. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, kijana huyo alivuka bahari kwenda kuyapiga picha.

Uhuru huo ulianza kudai bei yake mapema. Mwaka wa 1966 alitiwa gerezani huko huko Zanzibar kwa takriban mwezi mmoja, akateswa, na hatimaye akalazimika kuondoka Tanzania. Nairobi ikawa makao yake mapya. Julai 5, 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi nje ya duka la dawa mtaani Government Road, Amin alifika pale kwa dakika chache, akaingia ndani ya ambulensi na kuendelea kupiga picha hadi hospitalini. Wako waliouliza iwapo mpiga picha ana haki ya kuwa karibu namna hiyo na mtu anayekata roho. Hata hivyo, bila kanda hiyo, Wakenya waliozaliwa baadaye wangeachiwa masimulizi matupu kuhusu saa ile.

Ni vyema kufahamu jinsi alivyofanya kazi, maana neno "kujitegemea" hutumiwa ovyo. Amin hakuwa mtu wa kuzurura na kamera akisubiri bahati. Alikuwa na mkataba na Visnews, shirika la picha za habari lenye makao yake London, lakini kampuni ilibaki yake. Camerapix ilichapisha vitabu, kikiwemo kile cha safari ya hija Makka na kile cha Ziwa Turkana, na baadaye ikatengeneza jarida la abiria wa shirika la ndege la Ethiopia. Mapato ya vitabu yalimwezesha kukataa kazi asiyoitaka na kugharimia safari ambayo hakuna mhariri aliyeiagiza. Mwaka wa 1980, yeye na Brian Barron wa BBC walimtafuta Idi Amin uhamishoni hadi wakampata Jeddah, Saudi Arabia.

Aidha, kampuni ilimpa kitu ambacho wapiga picha wengi wa Kiafrika wa enzi yake hawakuwa nacho: ghala la picha lililo mikononi mwa familia yake, jijini Nairobi. Mwanawe, Salim Amin, ndiye aliyelirithi, na mwaka wa 2006 akatoa filamu ya Mo & Me kuhusu babake. Filamu hiyo haimpambi marehemu kupita kiasi. Inamwonyesha kama baba aliyekuwa mbali na nyumbani.

Picha za Korem nazo zina lawama zake. Zilionyesha njaa kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni pamoja na ukame. Vita kati ya serikali na waasi wa Tigray na Eritrea, ambavyo vilifunga barabara na masoko, havikuonekana sana kwenye runinga za Ulaya. Misaada ilipomiminika, Mengistu aliendelea na mpango wa kuwahamisha watu wapatao 600,000 hadi kusini na magharibi, wengi wao kwa lazima. Kosa hilo haliwezi kutwikwa kamera peke yake, kwa kuwa maneno na uhariri vilikuwa vya wengine. Lakini ni kweli kwamba sura ya Mwafrika anayenyoosha mkono ilipata nguvu mpya kutokana na kanda hiyo, na haijafutika.

Juni 1991, siku chache baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wake wa kushoto. Baada ya miezi michache alirejea kazini akiwa na mkono wa bandia. John Mathai, Mkenya aliyekuwa akinasa sauti kando yake, hakurudi. Jina la Mathai hutajwa kwa sentensi moja katika masimulizi mengi, iwapo linatajwa, ilhali hakuna picha ya runinga ya miaka hiyo iliyotoka bila mtu wa sauti kuwa hatua mbili nyuma ya kamera.

Miaka mitano baadaye, Novemba 23, 1996, Amin na mwandishi mwenzake Brian Tetley walikuwa wakirudi Nairobi kutoka Addis Ababa wakati ndege yao ilipotekwa nyara na vijana watatu waliotaka kupelekwa Australia. Mafuta yaliisha na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, wakiwemo wawili hao. Abiria walionusurika walieleza kwamba Amin alikuwa amesimama, akibishana na watekaji.

Tangu Aprili 2023 vita vimeikumba Sudan, na Agosti 2024 wataalamu walithibitisha kuwepo kwa njaa katika kambi ya Zamzam, Darfur. Picha nyingi zilizotoka huko zilipigwa kwa simu na wakazi wenyewe. Hawakuwa na Visnews ya kuwanunulia kanda, wala kampuni ya kuzihifadhi, wala bima ya mkono.