Deni Litalipwa na Nani?

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakutufafanulia, hata hivyo, mlipaji ni nani pale mkopaji anapokuwa serikali. Mimi ni mwanaisimu, nami nalitazama swali hilo kwa jicho la sarufi. Viongozi wetu hupenda kauli ya kutendwa: "deni litalipwa". Katika sentensi hiyo, mtenda amefichwa.

Na tumtafute. Kufikia Juni 2023, deni la umma la Kenya lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Julai mwaka uo huo, ushuru wa VAT kwa mafuta ya petroli ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mvuvi wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, hakutia sahihi mkataba wowote wa mkopo. Lakini alilipa kila aliponunua petroli ya injini ya mashua yake. Mchuuzi wa omena katika soko la Kibuye alilipa kwa nauli, naye mnunuzi akalipa kwa bei.

Ipo nadharia inayonasibishwa na David Ricardo, ambayo Robert Barro aliifufua mwaka 1974. Yasema kwamba raia aonapo serikali ikikopa, hutambua kuwa kodi itapanda kesho, hivyo hujiwekea akiba leo. Kwake, mkopo na kodi ni mamoja. Naam, mkopo ni kodi iliyoahirishwa. Lakini nadharia hiyo humchukulia raia kuwa na cha kuweka. Yule ambaye pato la leo huishia katika chakula cha leo, kodi ya kesho humkuta mikono mitupu. Hana budi kupunguza sahani ya watoto.

Ndiyo sababu Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza hata mkate utozwe VAT ya asilimia 16, ulizua ghadhabu. Pendekezo la mkate liliondolewa, na mnamo Juni 26, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi mswada wote. Mswada ulikufa, deni halikufa nao.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuigeuza sentensi hiyo. Badala ya "deni litalipwa", waseme "tutalilipa deni". Ajuaye kwamba yeye ndiye mtenda atauliza mapema, kabla ya wino kukauka: fedha hizi zitatununulia nini?