Boksi ya TV ya Elfu Tatu Ilimla Mama Bando, na Mimi Ndiye Niliyempelekea

Wasee, leo siuzi kitu. Hakuna linki hapo chini, hakuna punguzo ukitaja jina langu. Leo nalipa deni.

Mlionifuata tangu mwaka juzi mnakumbuka ile video ya boksi nyeusi. Nimeketi kwa kochi, rimoti mkononi, nikipiga kelele: "8K! RAM GB 8! Chaneli zote bure maisha yote! Elfu tatu na mia tano tu!" Duka moja la mjini lilinipa boksi ya bure na elfu tano juu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, kodi ya nyumba imenifika kooni, na elfu tano ilikuwa pesa. Nikarekodi dakika moja na nusu bila hata kufungua mipangilio nione ndani kuna nini. Ile boksi nikampelekea mama.

Mama hutazama taarifa ya saa moja na nyimbo za injili kwa YouTube, basi. Saa tatu na nusu amelala. Ana ruta ya laini ya simu na hununua bando ya GB 40 imsukume mwezi mzima. Ghafla ikawa inaisha kwa siku tisa. Akanipigia: "Mwanangu, kwani hii TV yako inakunywa?" Na mimi, na ujuaji wangu wa mtandaoni, nikamjibu, "Mama, punguza kutazama."

Nilimlaumu mama kwa kosa langu. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Wikendi moja nikaenda nyumbani, nikafungua ukurasa wa ruta. Usiku, TV imezimwa, sote tumelala, boksi ilikuwa inatuma na kupokea data mpaka asubuhi. Nikaichomoa. Usiku uliofuata, kimya. Sikuhitaji ile digrii niliyoiacha ili nielewe hapo.

Sasa msiniambie ni bahati mbaya yangu. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada alieleza hadharani jinsi boksi ya T95 aliyoinunua mtandaoni ilimfikia ikiwa na programu hasidi ndani tayari. Hakuiweka yeye, ilikuja nayo. Juni 2025 FBI wa Marekani wakatoa onyo kuhusu kitu kinachoitwa BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, boksi za TV zikiwemo. Mwezi uliofuata Google wakaenda mahakamani New York wakisema vifaa vilivyonaswa ni zaidi ya milioni 10.

Inafanyaje kazi? Intaneti yako inakodishwa bila wewe kujua. Mtu wa mbali anapitia kwa ruta yenu kama mlango wa nyuma, anabofya matangazo feki, anajaribu kuingia kwa akaunti za watu, na alama inayobaki nyuma ni ya nyumba yenu. Bando unalipa wewe. Kesi ikija, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Najua komenti inayokuja: "Wewe sasa uko na pesa, sisi tunanunua kulingana na mfuko." Ndugu yangu, nafuu na rahisi ni vitu viwili. Nafuu ni kitu kinachofanya kazi yake kwa pesa unayoweza kutoa. Rahisi ni pesa ndogo mwanzoni, halafu unaendelea kulipa bila risiti. Kwa miezi miwili mama alinunua bando za ziada za zaidi ya elfu nne. Boksi ya elfu tatu na mia tano ilikuwa imeshapita elfu saba, na hapo ndipo ningempata boksi halali tangu mwanzo.

Basi ukienda kununua, fanya hivi.

Kwanza, uliza mfumo. Unataka Android TV au Google TV yenyewe, iliyoidhinishwa na Google. Boksi nyingi za rahisi zimewekewa Android ya wazi ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuichezea, bila cheti cha Play Protect. Ukiwasha uone sura ya tableti na mshale kama wa kompyuta, shtuka. Google wana orodha ya kampuni washirika kwa tovuti ya Android TV. Angalia kabla ya kutoa pesa.

Pili, mwambie muuzaji aiwashe hapo hapo, afungue Netflix kutoka Play Store. Boksi isiyo na idhini, hata ukilipia Netflix, picha mara nyingi itakwama chini ya HD, kwa sababu inakosa ulinzi unaoitwa Widevine L1. Yaani umenunua "8K" upate ukungu.

Tatu, usiogope namba ndogo. Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili ina RAM GB 2 na nafasi GB 8, na inacheza 4K. Kampuni kubwa imeandika GB 2 bila aibu. Sasa huyu anayekuuzia nusu ya bei na ameandika GB 8 na GB 128, hizo ametoa wapi? Na hiyo 8K ni ya nini, wakati TV nyingi za inchi 32 tulizo nazo ni HD tu?

Nne, ukiambiwa uzime Play Protect, au uweke programu kutoka duka usilolijua ili upate "chaneli zote", ondoka. Najua ni mpira unatuvuta. Hata mimi Jumamosi nataka mechi. Lakini hakuna mtu China anayeamka asubuhi kukulipia Ligi Kuu ya Uingereza. Kuna anayelipa, na kama si kwa pesa, ni kwa intaneti yako.

Na kabla ya yote, jiulize kama unahitaji boksi. Kama TV yako tayari ni smati na bado inafungua YouTube, kaa na pesa yako. Kama unatumia bando, jua kwamba Netflix hula hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi 3 kwa HD, na hadi 7 kwa 4K. Shusha ubora kwa mipangilio. Macho hayatakufa.

Sasa niwageukie wenzangu wa kontenti. Sisi ndio madalali wa hii biashara. Muuzaji ana kaunta ya futi nne Luthuli Avenue, sisi tuna watu elfu hamsini kwa simu. Tunajua hatujajaribu kitu, bado tunasema "nimeitumia mwezi mzima." Kama umelipwa, sema umelipwa. Kama hujaipima, usiisifu. Njaa naijua, lakini njaa yangu haikunipa ruhusa ya kuingiza mwizi kwa sebule ya mama ya mtu.

Na Mamlaka ya Mawasiliano, nyinyi ndio wa kuidhinisha vifaa vya mawasiliano nchini. Hizi boksi haziuzwi gizani. Ziko kwa vioo vya maduka, mchana. Shukeni mjini mzinunue kumi, mzipime, mtuambie mmepata nini.

Ile video nimeitoa. Kama ulinunua kwa sababu yangu, samahani, na ichomoe leo usiku kabla hujalala. Kisha badilisha nywila ya Wi-Fi na ya kila akaunti uliyoifungua kwayo.

Mama nimemnunulia ingine, ya GB 2. Wiki ya kwanza alilalamika: "Hii haina chaneli nyingi kama ile."

Ni kweli, mama. Lakini mwezi huu bando imefika tarehe 30.